Kujaa si Kusongwa: Haki ya Ufuo Siku ya Idi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ardhi kuwa pana kwa waja wake na akawajaalia bahari yenye manufaa na pumbao la halali. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Kila inapopita Idi, katika mabaraza na majiko ya mji wetu wa Mombasa husikika habari mbili zinazopingana juu ya mahali pamoja. Nyumba moja husema: tulikwenda Pirates alasiri, pamejaa hata pa kutandika mkeka hapana, tukageuza njia tukarudi. Nyumba ya pili, iliyokuwa papo hapo saa ile ile, husema: palichangamka, watoto walifurahi, Idi ilikuwa Idi. Msikilizaji hudhani mmoja wao ametia chumvi. Ukweli ni kwamba wote wawili wamesema waliyoyaona, na tofauti iliyo baina yao inafaa kuchunguzwa, kwa sababu ndani yake mna haki za watu, na hasa haki za mama zetu, wake zetu na mabinti zetu.

Wingi ni hesabu, kusongwa ni hisia

Wanazuoni wa tabia za watu wamelitafiti jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, Daniel Stokols, aliandika kwamba tusichanganye mambo mawili. La kwanza ni wingi, yaani idadi ya watu katika eneo fulani. Hilo huhesabika kwa vidole. La pili ni kusongwa, yaani dhiki anayoihisi mtu moyoni kwa kuona nafasi haimtoshi kwa lile alilolijia. Wingi unaweza kuwa mkubwa na mtu asihisi dhiki, na unaweza kuwa mdogo na mtu akahisi kifua kimebanwa.

Miaka michache baadaye, mwaka 1977, Heberlein na Vaske walitunga kipimo chepesi walipowachunguza watu waliokwenda kutembea katika mto mmoja wa jimbo la Wisconsin. Walimwuliza kila mmoja aseme, kuanzia 1 hadi 9, palisongamana kiasi gani: 1 ni kwamba hapakusongamana kabisa, na 9 ni kwamba palisongamana kupita kiasi. Kipimo hicho kimetumika tangu wakati huo katika mito, misitu, milima na fuo nyingi. Kilichodhihirika mara kwa mara ni kwamba idadi ya watu peke yake haitoshi kueleza jibu la mtu. Jibu hutegemea pia alichokuja kukifanya, alichokitarajia kabla ya kutoka nyumbani, na namna wale aliowakuta walivyojiweka.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kabla ya hapo. Mwaka 1964 Robert Lucas alitoa matokeo ya uchunguzi wake katika eneo la maziwa na misitu liitwalo Boundary Waters, mpakani mwa Minnesota na Kanada. Huko walikuwako watu wa aina mbili: wenye mitumbwi ya kupiga kafi na wenye mashua za mashine. Wapiga kafi walipokutana na mashua ya mashine waliona wamevurugiwa utulivu wao, hata mashua zikiwa chache. Wenye mashine walipokutana na mtumbwi hawakuona tatizo lolote. Ziwa ni moja na siku ni moja, lakini dhiki ilikuwa upande mmoja tu.

Naomba msomaji alishike sana jambo hili, kwa sababu ndilo msingi wa makala haya. Mwenye kumsonga mwenzake mara nyingi hana habari. Haumii yeye, basi hudhani hakuna aumiaye. Ndiyo maana ukimwuliza kijana aliyekuwa akicheza mpira katikati ya mikeka ya watu kama ufuo ulisongamana, atakwambia kwa unyofu kabisa kwamba la, ulikuwa mzuri.

Umati usiosonga

Ama sisi Waislamu tunao ushahidi wetu wenyewe kuhusu wingi na dhiki, nao ni Hija. Miongoni mwa mikusanyiko mikubwa tunayoijua ni ule wa Arafa na Mina, ambako katika miaka mingi mahujaji wamepita milioni mbili. Hata hivyo, mwenye kurudi huko hutaja utulivu wa moyo kabla ya kutaja kubanwa. Watafiti wawili, Hani Alnabulsi na John Drury, waliwahoji mahujaji 1,194 na wakachapisha matokeo yao mwaka 2014. Waliona kwamba yule aliyejihisi kuwa ni mmoja na wale waliomzunguka, na akawaona wenzake kuwa ni wenye kusaidiana, hakutishwa na wingi; bali kila watu walipozidi, hisia yake ya usalama ilizidi. Yule asiyejihisi kuwa ni sehemu ya umma ule, wingi ulimpunguzia amani.

Kwa hiyo kinachoifungua nafasi au kuifunga ni moyo wa udugu uliopo baina ya watu. Mtu akijua kwamba jirani yake atampisha, atamshikia mtoto, atamwinamishia macho mkewe, basi hata bega likigusana na bega hahisi kuonewa.

Lakini tuseme na upande wa pili, tusije tukapotoshana. Hisia njema haiondoi hatari. Mwaka 1990, katika njia ya chini kwa chini iliyo karibu na Makka, mahujaji 1,426 walifariki kwa msongamano, Mwenyezi Mungu awarehemu. Wataalamu wa mikusanyiko husema kwamba watu wakizidi watano au sita katika mita moja ya mraba, mtu hana tena uwezo wa kuamua aende wapi. Anachukuliwa kama achukuliwavyo na mkondo. Hapo udugu peke yake hautoshi, na ndiyo maana njia za Jamarat zikajengwa upya kwa ghorofa, zenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Hivyo wingi una mipaka yake inayopaswa kulindwa kwa mpango, na kusongwa kuna dawa yake inayopatikana kwa adabu. Mji wenye busara hushughulikia yote mawili.

Tuje kwenye fuo zetu

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi, ambao sote twauita Pirates, na bustani ya Mama Ngina kisiwani, ni miongoni mwa sehemu chache ambazo familia ya kipato cha kawaida yaweza kwenda kupunga upepo pasi na kulipia kiti. Mama Ngina ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, na sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba mwaka huo zikafanyika hapo. Mtu hukaa chini ya mibuyu, akala mihogo na viazi karai, akatazama meli zikiingia Kilindini. Hizi ni neema, na siku ya Idi kila mtu ana haki nazo.

Sasa mtazame mama wa Kiislamu anayefika Pirates siku hiyo. Amevaa buibui, ana watoto watatu, ana kapu la chakula na chupa ya chai, na pengine amemfuatisha mama mkwe asiyeweza kutembea mbali. Huyu hakuja kuogelea kama vijana. Amekuja kutafuta pahali pa kutandika mkeka, awaone watoto wake wakicheza kwenye maji, apigwe na upepo, na jua likielekea kuzama asali Magharibi kabla ya kurejea. Haja yake ni ndogo. Lakini ni mambo gani yanayomsonga?

Ukimsikiliza, hatataja idadi. Atataja jicho la mwanamume lisilomwacha. Atataja vipaza sauti vitatu vinavyoshindana hata hasikii mwanawe akimwita. Atataja farasi na ngamia wanaopitishwa baina ya watoto waliokaa mchangani, na pikipiki iliyoshuka hadi majini. Atataja wauzaji wasiokubali neno la hapana. Atataja kwamba bintiye alilowa na hapakuwa na pahali pa kumbadilishia nguo kwa sitara. Hayo ndiyo yanayomfanya aseme pamejaa. Wangekuwapo watu maradufu ya wale, nao ni familia zenye adabu zilizoketi kwenye mikeka yao, angesema palichangamka.

Wasiohesabiwa

Hapa pana mtego ambao watafiti wa mambo haya wameugundua, nao ni mtego wa kweli. Ukienda ufuoni ukawauliza waliopo kama wanaridhika, wengi watasema ndiyo. Utadhani hapana tatizo. Kumbe wale waliokerwa zaidi hawapo. Walikwisha kuondoka zamani. Wamebadilisha saa, au wamehamia kwingine, au wameacha kutoka kabisa. Waliobaki ni wale wasiosumbuliwa na hali ile. Kila mwaka ridhaa huonekana kuongezeka, ilhali kinachoongezeka ni idadi ya waliokata tamaa wakakaa kimya majumbani.

Je, ni nani hao katika mji wetu? Tuwe wakweli. Ni mama zetu na dada zetu. Zipo nyumba ambazo zamani zilitoka familia nzima siku ya Idi, na leo hutoka vijana wa kiume peke yao, na wanawake huambiwa: huko si pahali penu, kaeni nyumbani mpike biriani. Asemaye hivyo hudhani ameilinda dini. Nami nasema kwa heshima kwamba ameshughulikia dhiki kwa kumwadhibu aliyedhikishwa, na aliyedhikisha akamwacha aendelee.

Tuirejee Sunna. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ummu Atiyya, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kwamba wanawake waliamrishwa kutoka kwenda uwanja wa Idi: wasichana, wanawali waliokuwa wakitawishwa, na hata waliokuwa katika siku zao, ambao hawasali lakini hushuhudia kheri na dua ya Waislamu. Akaulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu asiye na vazi la kutokea. Akaelekeza kwamba mwenzake amwazime la kwake. Tazama hekima hiyo. Udhuru ulipotajwa, suluhisho halikuwa kumwacha mwanamke nyumbani. Lilikuwa kuondoa kizuizi.

Na tunajua vilevile habari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama, ilhali Mtume amesimama amemsitiri kwa shuka yake, hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Na tunajua kwamba katika safari moja aliwaambia watu watangulie mbele, kisha akashindana mbio na mkewe. Yumkini wapo watakaosoma habari hiyo kama kichekesho cha ndoa tu. Lakini angalia lile neno la kwanza: watu watangulie. Aliifungua nafasi kwanza, ndipo furaha ikaja. Mume anayetaka kumfurahisha mkewe ana funzo hapo, na mji unaotaka kuzifurahisha familia zake una funzo lile lile.

Haki ya njia ni haki ya ufuo

Mtume alipowakataza maswahaba kuketi njiani, walisema kwamba hawana budi, ndipo wanapozungumzia mambo yao. Akawaambia kwamba ikiwa hawana budi, basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Ufuo wa umma ni njia pana. Mwenye kuketi hapo amechukua sehemu ya mali ya wote, na ada yake ni hizo haki.

Haki ya kwanza ni macho. Katika Surat An-Nur, amri ya kuinamisha macho iliwaelekea wanaume kwanza, katika aya ya 30, kabla ya kuwaelekea wanawake katika aya ya 31. Baba anayemhimiza bintiye ajisitiri na asimfundishe mwanawe wa kiume kuinamisha macho, ameianza aya katikati.

Haki ya pili ni kuzuia udhia. Muziki wako unaofika kwenye mkeka wa jirani ni udhia. Maganda ya madafu, mifuko na chupa unazoziacha ni udhia. Na Mtume aliwaonya watu vikali juu ya kujisaidia katika njia na vivuli vya watu. Mwenye kukichafua kivuli cha mbuyu anajua sasa amesimama wapi.

Haki ya tatu ni kupishana. Surat Al-Mujadala, katika aya ya 11, inawataka waumini wakiambiwa wafanye nafasi katika vikao, waifanye, na imewaahidi kwamba Mwenyezi Mungu naye atawafanyia wao nafasi. Na mtu aliyekuwa akiruka mabega ya waliokaa siku ya Ijumaa aliamrishwa aketi, kwa kuwa amewaudhi watu. Ikiwa kuwapita watu juu ya mabega yao ni udhia ndani ya msikiti, ambamo mtu amekuja kutafuta thawabu, itakuwaje kumpitisha farasi juu ya mkeka wa mama anayenyonyesha?

Bahari nayo ina saa zake

Baada ya adabu, tutumie akili. Upo ujuzi ambao wazee wetu wavuvi walikuwa nao, nasi tumeusahau kwa kuwa hatuendi tena baharini. Idi ya Mfungo Mosi huangukia mwandamo wa mwezi. Mwezi ukiandama, bahari huwa na maji ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu ya Mombasa, siku za bamvua maji hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni, na hupwa baina ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi.

Sasa changanya hesabu hizo. Familia zetu husali Idi, hula, hulala kidogo, na baada ya Alasiri ndipo zinaposhuka ufuoni. Zinafika wakati bahari imepanda juu na mchanga umebaki ukanda mwembamba. Watu wale wale ambao saa tano asubuhi wangetawanyika juu ya mchanga mpana, alasiri hubanwa baina ya maji na ukuta. Kisha twasema mwaka huu watu wamezidi! Pengine watu ni wale wale, bahari ndiyo iliyochukua nafasi yake.

Basi familia inayotaka utulivu katika Idi hiyo, na ishuke asubuhi mara baada ya sala na kifungua kinywa, irejee kabla ya Adhuhuri. Katika Idi ya Mfungo Tatu mambo hugeuka: mwezi uko siku ya kumi, maji hayana nguvu zile, hujaa karibu na Adhuhuri, na alasiri huwa yanakupwa. Siku hiyo alasiri ndiyo yenye mchanga mpana. Aulizwe mvuvi au litazamwe jaduali la maji kabla ya kutoka, na watoto wasiachwe peke yao majini hata yakiwa ya magotini.

Wanaosimamia

Neno la mwisho ni kwa kamati zetu za misikiti, viongozi wa mitaa na wale waliopewa amana ya sehemu hizi katika kaunti. Huko Marekani, katika hifadhi ya Arches jimboni Utah, wasimamizi walitaka kujua ni watu wangapi wanafaa kuwapo kwa wakati mmoja kwenye tao maarufu la mawe liitwalo Delicate Arch. Wageni walioneshwa picha za mahali hapo zenye watu wachache hadi wengi, wakaulizwa ni ipi wanayoiridhia. Majibu yakasaidia kuweka kiwango cha watu 30 kwa wakati mmoja. Njia hiyo haina gharama kubwa. Nasi twaweza kuuliza, ila tusifanye kosa la kuwauliza waliopo ufuoni peke yao. Waulizwe akina mama darsani, waulizwe mabinti madrasani, waulizwe bibi zetu waliokwisha kuacha kwenda: ni jambo gani likiondoka mtarudi?

Nadhani majibu yao hayatahitaji mamilioni. Watataka sehemu ya ufuo iliyotengwa kwa familia siku za Idi, isiyoingiwa na pikipiki wala wanyama. Watataka pahali pa sitara pa kubadilishia nguo, vyoo safi, maji ya udhu na pahali palipotulia pa kusalia. Watataka vipaza sauti vishushwe. Na vijana wetu wa madrasa, badala ya kuwa sehemu ya msongamano, wanaweza kujitolea kwa zamu kuelekeza watu, kuwasaidia wazee na kuokota taka, wakapata thawabu na furaha kwa pamoja.

Na wewe baba unayesoma haya, kabla ya Idi ijayo mwulize mkeo kama angependa kutoka, na ni kitu gani kimemzuia miaka iliyopita. Kisha umsikilize mpaka amalize.

Ewe Mola wetu, tupanulie vifua vyetu kabla ya kutupanulia nafasi, tujaalie tuwe watu wa kupisha wala si wa kusonga, na uzijaalie Idi zetu ziwe za furaha kwa wakubwa na wadogo, wanaume na wanawake. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.